Pikapu si trekta, na bosi wako anajua

Leo naongea na vijana wenye hasla ya pikapu na trela, wale wa kubeba maji, kuni, mbolea na ng'ombe kuanzia Litein hadi Sotik na Bomet. Na pia nyinyi mnaowapigia makofi kwa video. Ile ya pikapu inapanda kilima na pua inaangalia mawingu, mnaandika "mashine!" Mimi nikiona hiyo pua juu najua magurudumu ya mbele hayajashika barabara vizuri. Na hayo ndiyo yanakata kona, na ndiyo yanafanya kazi kubwa ya kusimamisha gari.

Kupanda si shida sana. Shida ni kushuka, na huku kwetu hakuna kupanda bila kushuka, mara nyingi mvua ya alasiri imeshamwagika na matrekta ya majani chai yameleta tope la marram kwa lami.

Tupige hesabu ya maji, maana ndiyo rahisi. Lita 1,000 ni kilo 1,000, hakuna mjadala. Hilux nyingi za miaka ya karibuni zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, na hiyo ndiyo namba vijana wanapenda kutaja. Lakini hiyo ni trela yenye breki zake yenyewe. Isiyo na breki mwisho ni kilo 750. Sasa angalia trela zetu: fundi wa jua kali amechukua ekseli ya gari kuukuu, akachomelea vyuma, akapaka rangi. Breki ziko wapi? Tangi moja limeshapita kipimo kabla hujahesabu uzito wa trela. Na usidhani nusu tangi ni salama, bana. Maji yanakimbia mbele na nyuma, ukikanyaga breki yanakuja kukusukuma.

Halafu kuna hii tabia ya kuweka nyutro kwa mteremko ati kuokoa mafuta. Injini ndiyo breki yako ya kwanza! Weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, si katikati. Ukishinda umekanyaga breki kutoka juu hadi chini zinapata moto, zinaanza kunuka, mwishowe unakanyaga na hakuna kitu.

Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuikimbia. Toa mguu kwa mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Mara nyingi inayumba kwa sababu mzigo mzito umewekwa nyuma ya ekseli. Kama sehemu sita kwa kumi za mzigo zikae mbele ya ekseli. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya chuma cha kuunganishia. Kamba ya nailoni si mnyororo, tafadhali.

Kuna mtu atasema "ni gari lake, ni maisha yake." Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori liliacha njia likaingia kwa wauzaji, boda na matatu. Watu 52 walikufa. Lilikuwa lori, si pikapu, najua. Lakini wengi wao walikuwa wanauza vitu vyao tu ama wanangoja kwenda nyumbani. Senta zetu ziko hivyo hivyo, mama mboga yuko hatua chache kutoka lami, na trela ikichomoka haichagui.

Kitu kinachoniuma ni vile lawama huwa inamwangukia dereva peke yake. Dereva ana miaka 22, analipwa kwa safari, na mwenye mzigo amesimama hapo anasema "ongeza kidogo, itafika." Huyo mwenye kusema ongeza hapandi gari. Anabaki shambani na simu yake.

Mtaniambia safari mbili ni mafuta mara mbili. Ni kweli kabisa. Basi bei iwe ya safari mbili, na alipe mwenye tangi. Akikataa, mwambie aingie akae hapo mbele, mteremke pamoja hadi chini, uone kama bado ataongeza.