Nani Aliyefungua Mlango?

Wapo wataalamu wa fasihi ambao, wakisikia kwamba hadithi fulani yahusu mnyama wa kutisha aliyeingia katika chombo cha angani, huitupa papo hapo katika kapu la hadithi za mazimwi wanazosimuliwa watoto ili walale. Hawaulizi mnyama ni wa namna gani, wala chombo ni cha nani, wala aliingiaje. Swali hili la mwisho ndilo lililowapasa kuuliza kwanza. Katika filamu iitwayo Alien, iliyotokea mwaka 1979 chini ya uongozi wa Mwingereza Ridley Scott, jibu lake li wazi kama jua la adhuhuri. Mnyama hakuvunja mlango. Alifunguliwa, na aliyemfungulia alikuwa ndiye msomi wa chombo.

Habari yenyewe yafaa ikumbukwe, maana wengi huianza katikati, pale damu inapoanza kumwagika. Chombo Nostromo chasafiri kurudi duniani kikikokota mtambo wa kusafishia madini pamoja na tani 20,000,000 za mawe yake. Ndani wamo watu saba na paka mmoja, nao wamelazwa usingizi mrefu wa safari. Waamshwa kabla ya wakati wao kwa sababu ishara ngeni imesikika njiani. Parker na Brett, mafundi wa mitambo, ambao fungu lao katika faida ni dogo kuliko la wenzao, wasema kwamba chombo chao ni cha mizigo, si cha uokozi, na wauliza watalipwa nini. Ash, ofisa wa sayansi, awajibu kwa utaratibu na adabu kwamba mkataba wawalazimisha kuchunguza ishara ya namna hiyo, na kwamba akataaye hupoteza malipo yake yote. Hadithi yaanzia hapo, penye karatasi ya mkataba, kabla ukucha wa mnyama yeyote haujaonekana.

Kane ashuka kuchunguza, arudishwa na kiumbe aliyemganda usoni. Ripley, aliyeachiwa madaraka chomboni, akataa kuwafungulia. Sheria ya karantini yataka saa 24, naye ajua kwamba akimwonea huruma mmoja aweza kuwaua wote. Nahodha Dallas, aliye nje pamoja na mgonjwa, amwamuru afungue, ashikilia kukataa. Ash anyosha mkono na mlango wafunguka. Watazamaji wengi huona kitendo kile ni huruma, na yamkini hata mabaharia wenyewe waliona hivyo. Baadaye sana, Brett na Kane wakiwa wamekwisha kufa na nahodha ametoweka, Ripley aketi mbele ya kompyuta ambayo mabaharia huiita Mama, ailazimisha iseme, na yampa amri nambari 937: kiumbe aletwe kwa uchunguzi, mambo mengine yote yawe nyuma ya hilo, na watu wa chombo waweza kupotea. Kampuni ilijua. Ash alijua. Waliokuwa hawajui ni wale waliotakiwa kufa.

Hadithi ya mnyama chomboni ni kongwe kuliko filamu hii, na ukongwe wake wasaidia kuonyesha lililobadilika. Mwezi wa Julai 1939 A. E. van Vogt, mzaliwa wa Kanada, alitoa katika gazeti la Kimarekani Astounding Science-Fiction hadithi iitwayo "Black Destroyer", juu ya Coeurl, mnyama mfano wa paka mkubwa ambaye wanasayansi wampandisha chomboni kwa udadisi wao. Desemba mwaka ule ule alitoa nyingine, "Discord in Scarlet", ambayo mnyama wake hutaga mayai katika miili ya watu walio hai. Zote mbili ziliingizwa mwaka 1950 katika kitabu The Voyage of the Space Beagle, jina lililotwaliwa kwa merikebu iliyomchukua Charles Darwin. Filamu ilipotokea, van Vogt aliona kazi yake imechukuliwa akadai haki yake, na shauri likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Lakini mayai si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba chombo cha van Vogt kimejaa wanachuoni, na mnyama hushindwa kwa sababu elimu zao mbalimbali huunganishwa. Katika kitabu cha 1950 yumo hata kijana, Grosvenor, ambaye kazi yake ni kuziunganisha. Elimu hapo ni ngao ya wote. Filamu ya mwaka 1958, It! The Terror from Beyond Space, nayo yashika mwendo huo huo wa mawazo: mnyama wa Mirihi ajipenyeza chomboni, na watu wamwua kwa kuitoa hewa yote nje. Wema wa ndani, uovu wa nje. Uovu ukiisha pumzi, hadithi imekwisha.

Miaka 40 baada ya Coeurl, ofisa wa sayansi ndiye aliye upande wa mnyama. Asemaye kwamba hilo ni badiliko dogo la kunogesha hadithi na ajiulize ni nini kilichotokea baina ya 1939 na 1979. Mwaka 1945 miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa kwa kazi ya wanachuoni walio bora kabisa wa zama zao, wenye adabu, wenye vyeti, na wenye mwajiri.

Hata hivyo wapo wapinzani, na mmoja wao ni mtu mzito. Dan O'Bannon, mwandishi wa mswada wa kwanza, aliyeibuni hadithi pamoja na Ronald Shusett, hakuwa na Ash wa namna hii katika kazi yake. Waliomtia mtu huyu wa bandia na njama yake ni David Giler na Walter Hill, nao waliifanya kazi hiyo bila ya kumridhisha O'Bannon, ambaye aliona kwamba nyongeza ile haikuwa na haja. Wahakiki waliomfuata husema kwamba hadithi ya kutisha yataka tisho moja tu, na kwamba amri ya siri humtoa mtazamaji katika hofu iliyo safi na kumtia katika siasa.

Kwa heshima yote impasayo mwenye wazo la kwanza, hapa alikosea. Mwondoe Ash, na kinachobaki ni bahati mbaya. Watu saba wangekuwa wamekufa, au kukaribia kufa, kama afavyo mkulima aliyeumwa na nyoka njiani kwenda shambani. Jirani wangelia, wangezika, wangerudi makwao, na hapana ambaye angeulizwa neno. Hofu iliyo safi ni hofu isiyo na mshtakiwa. Jina lenyewe la chombo lingekuwa mzaha, maana Nostromo ni riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1904, yenye mgodi wa fedha katikati na mtumishi mwaminifu ambaye matajiri humtumia kwa faida yao. Wanaoidharau filamu hii kwa kuwa haina elimu wangefaa waanze kwa kulisoma jina hilo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine. Yasemwa: Ash ni mashine, mashine haina dhamiri, basi hapana mwanachuoni aliyeshtakiwa. Hili ni kweli kwa kiasi chake, na hapo ndipo penye udhaifu wa filamu. Parker, yule fundi aliyeuliza habari za malipo, ampiga Ash hata kichwa chamtoka, na badala ya damu chamiminika kitu cheupe. Mtazamaji apumua. Kumbe hakuwa mtu! Watungaji wangekuwa na ujasiri zaidi lau wangemwacha Ash awe binadamu, mwenye mke na watoto na deni la nyumba, kisha afungue mlango ule ule kwa kidole kile kile. Lakini hata hivyo ilivyo, pingamizi halifiki mbali. Ash, kichwa chake kikiwa mezani, akiri kwamba amstaajabia mnyama kwa kuwa mnyama hasumbuliwi na dhamiri, wala majuto, wala maadili. Sifa hizo hakuzipata porini. Alitengenezwa nazo na waliotaka mtumishi mwenye elimu nyingi na swali lolote asiwe nalo. Mtumishi wa namna hiyo haundwi kwa waya peke yake.

Wengine hujitetea kwa kusema kwamba haya ni mambo ya angani, nayo hayana nafasi katika masomo ya fasihi ya Kiswahili. Ajabu ni kwamba wasemao hivyo huifundisha Kusadikika kila mwaka. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima hewani katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, na hapana mwanafunzi aliyepata kuuliza imefungwa kwa kamba gani. Huulizwa habari za baraza, za mashtaka, za wajumbe waliotumwa mbali kwa hatari ya maisha yao na kulipwa kifungo waliporudi. Ikiwa wajumbe wale wastahili mtihani, mafundi wa Nostromo wastahili walau kutazamwa.

Na wale wampendao mnyama kupita kiasi nao wana neno lao la kujibu. Humsifu H. R. Giger wa Uswisi aliyemchora, na sifa hiyo ni haki yake. Mwaka 1980 yeye na wenzake walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi ile. Ni wachache wawezao kumtaja mtu aliyekuwa ndani ya ngozi. Alikuwa Bolaji Badejo, mzaliwa wa Lagos, mwanafunzi wa sanaa za michoro katika London, kijana mrefu kupita mita 2, ambaye wembamba wa viungo vyake ndio uliowafanya watu waamini kwamba wamwona kiumbe asiye binadamu. Hakucheza filamu nyingine, akafariki mwaka 1992. Uso wake hauonekani hata mara moja.

Ripley ndiye aliyebaki, pamoja na paka. Akiwa amekwisha kumtupa mnyama nje ya chombo kidogo cha kuokokea, kabla ya kulala, aeleza taarifa yake ya mwisho. Asema chombo na shehena vimeharibika, na ataja waliokufa mmoja mmoja: Kane, Lambert, Parker, Brett, Ash, na nahodha Dallas. Jina la Ash halikuachwa.