BARAZA YA MWEZI: Msomaji Amebeba Amana



Ndugu wasomaji, waume kwa wake, tunapenda kujibu swali tulilolipokea zaidi ya mara moja: kwa nini siku hizi hatuonekani katika mikusanyiko ya Jumamosi alasiri? Jawabu ni kwamba saa hizo huwa tumejifungia ndani ya kabati la nguo. Hapana ugomvi nyumbani, wala hatumkimbii mdai. Tunasoma kitabu kwa sauti mbele ya kinasa sauti, na makoti yaliyotuzunguka humeza mwangwi wa chumba na kelele za mabasi.

Kusoma kwa ajili ya masikio ya mwingine si jambo geni kwetu watu wa pwani. Utenzi ambao Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, alimtungia binti yake mnamo 1858, wengi waliupokea kwa kuusikia kabla ya kuuona. Mmoja alisoma, wengine wakasikiliza huku mikono ikisuka ukili. Walio wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka pia barua zilizotoka ng'ambo, zikasomwa barazani na kijana aliyejua kusoma, na nyumba nzima ikanyamaza.

Hapa Uingereza tunapoishi, kazi hii ilipata mpango maalumu mwaka 1935, ilipoanzishwa huduma ya vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya vipofu, wakiwamo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo ni hadithi ya upelelezi ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, na Typhoon cha Joseph Conrad. Vilinaswa katika sahani za santuri zilizozunguka polepole, kila upande dakika 25 hivi, na riwaya moja ilihitaji sahani kama kumi. Edison mwenyewe, aliyevumbua santuri mwaka 1877, alikwisha kutaja mwaka uliofuata kwamba chombo chake kingeweza kuwasomea vipofu.

Lakini aliyetutia hamu zaidi ni mama mmoja wa Marekani, Flo Gibson. Alijifunza uigizaji ujanani, akaolewa, akalea watoto, kisha katika miaka ya 1970 akaanza kuwasomea vipofu vitabu kupitia maktaba ya taifa lao mjini Washington. Mwaka 1983 akaanzisha kampuni yake, akawa ananasa vitabu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 86, alikuwa amesoma vitabu zaidi ya 1,100. Nyakati hizo wauzaji wengi walivikata vitabu ili vienee katika kanda mbili tu. Yeye alishikilia kusoma vitabu vya zamani kwa ukamilifu, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Sifa hiyo tuliisoma tukaipenda, ila maana yake hatukuijua mpaka tulipofunzwa, kama mtakavyoona.

Mwenye kupenda vitabu hudhani kazi hii ni starehe. Kumbe ina taabu zake. Kwanza kitabu husomwa chote kimoyomoyo, ili usije ukampa mtu sauti ya kijana kisha ukurasa wa mia ukaambiwa ni mzee. Majina ya watu na ya miji huandikwa kando, na matamshi yake huulizwa kwa wanaojua. Katika saa moja iliyokamilika huingia maneno yapatayo 9,000, lakini saa hiyo moja hudai saa mbili au tatu za kazi, kwa kuwa kila ulimi unapoteleza hurudi nyuma ukaanza sentensi upya. Tumbo likinguruma, husikika. Kanzu iliyopigwa pasi kwa wanga husikika pia, ikichakarika kwa kila pumzi. Kinywa kikikauka hutoa vidoko, na dawa yake ni maji na kipande cha tofaa bichi lenye ukali.

Basi tuje kwenye kisa. Yuko bibi mmoja katika jumuiya yetu, msomaji hodari tangu ujana wake, ambaye presha ya macho ilimwondolea nuru. Maktaba ya mji ilikuwa na rafu nzima ya vitabu vya kusikiliza, vyote vya Kiingereza. Cha Kiswahili hakikupatikana hata kimoja. Akatupa riwaya yake kuukuu, karatasi zimegeuka rangi ya chai, akatuomba tumsomee. Tulipompelekea sehemu ya kwanza alisema, "Mwanangu, unasoma vizuri, lakini unakwenda kama mtu anayekimbizwa. Niache nipumue." Tukapunguza mwendo.

Tulipofika mlango wa saba, mama mmoja hadithini anafiwa na mwanawe. Nasi tulijua kwamba bibi huyu alimzika mwanawe mwaka uliotangulia. Tukasita, tukaona ni huruma kuziruka kurasa nne, tukaunganisha kabla na baada kwa ustadi ambao, Mungu atusamehe, tulijivunia.

Juma lililofuata tulipomtembelea, alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Kikombe cha kwanza kilipokwisha akauliza kwa upole, "Zile kurasa za msiba umezitia wapi?"

Tulikosa la kusema. Akaendelea: "Kitabu hiki marehemu mume wangu alinisomea tulipokuwa vijana. Nilikuwa nikiungoja mlango huo. Ningekuwa na macho yangu, nani angethubutu kunichania kurasa mkononi? Yaliyopofuka ni macho, mwanangu."

Tuliomba radhi, tukarudi kabatini usiku uleule. Mara ya kwanza sauti ilikatika, na mara ya pili ikakatika palepale. Mara ya tatu tuliweza kufika mwisho, si kwa uzuri. Tulipompelekea aliisikiliza mbele yetu, ushungi ukiwa umefunika nusu ya uso. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sasa kimetimia," na akatuuliza mlango wa nane utakuwa tayari lini.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipofahamu kwamba msomaji si mwenye kitabu. Amepewa amana iliyotoka kwa mtunzi, na wajibu wake ni kuifikisha kwa msikilizaji bila kuzidisha wala kupunguza, hata pale anapodhani kwamba kupunguza ni wema. Mara ngapi nasi huwafanyia wazee wetu hivyo huku ugenini? Tunawaficha barua ya hospitali, tunawaficha habari ya msiba wa nyumbani, tunawatafsiria maneno ya daktari nusu nusu, na tunasema tunawahurumia. Huenda nao wamejua kwamba kurasa zimerukwa, ila hawana pa kuzitafuta.

Tunalo pia ombi. Watoto wetu wanakisikia Kiswahili jikoni tu, cha "njoo" na "nenda" na "kula". Kiswahili cha hadithi, chenye methali na mafumbo, hawakipati. Simu iliyomo mfukoni mwa kila mmoja wetu inatosha kuwa kinasa sauti. Mzee asiyeona na asomewe na mjukuu, japo kurasa mbili baada ya chakula cha usiku, na mzee anayeona naye amsomee mjukuu. Lafudhi ya Mvita, ya Unguja, ya Ngazija au ya Tanga isomwe kama ilivyo, wala asichekwe mtu.

Mwenye vitabu vya zamani vya Kiswahili vinavyoliwa na vumbi darini, atuazime. Tunasomea wazee wetu tu, hatuuzi, na kila kitabu kitarejeshwa kwa mwenyewe kikiwa na kurasa zake zote.

Wabillahi tawfiq. Tukijaaliwa uhai, tutaonana mwezi ujao.