Risala ya Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Kichwa Kikubwa na Mgongo Wazi, Kata ya Kifanya, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Watumishi wa afya, viongozi wa dini na wazazi wenzetu,



Tunakushukuru kwa kufika Kifanya leo, 25 Oktoba, siku ambayo dunia inawakumbuka watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi. Tiba ya watoto wetu imepiga hatua kubwa, nasi tumekuja kueleza kwa nini hatua hizo hazijatufikia.

Maji yakijaa kichwani mwa mtoto, tiba iliyozoeleka ni kumwekea mpira wa kuyatoa kwenye ubongo na kuyapeleka tumboni. Mpira huo umeokoa wengi. Hata hivyo, unaweza kuziba au kupata maambukizi wakati wowote, na ukiziba mtoto anahitaji upasuaji wa haraka.

Mwaka 2000 Dkt. Benjamin Warf, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda. Katika Hospitali ya Watoto ya CURE alikutana na tatizo tunalolijua sisi: mtoto amewekewa mpira, amerudi kijijini, na hospitali iko mbali. Akaanza kupitisha kamera nyembamba kwenye tundu dogo, akayafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo wenyewe na kuunguza sehemu ya tishu zinazoyatengeneza. Utafiti wa watoto 100 uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baada ya miezi 12, ukuaji wa akili wa watoto waliotibiwa hivyo haukuwa na tofauti kubwa na wa waliowekewa mpira. Si kila mtoto anafaa kwa njia hii, na uamuzi huo ni wa daktari.

Hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, inapasua ubongo na mgongo, na sasa inatibu baadhi ya maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo bila kufungua fuvu. Madaktari wake wamewahi pia kwenda mikoani kuweka kambi za kuwafanyia upasuaji watoto kama wetu. Tunawapongeza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mpira ukiziba usiku Dar es Salaam, mama anatafuta bajaji. Ukiziba Kifanya, mama anasubiri gari la kumfikisha Njombe, kisha anapanda basi, anapita Makambako, Iringa na Morogoro hadi MOI, Dar es Salaam. Safari ya kilomita zipatazo 700 huku mtoto anatapika na macho yake yameelekea chini. Tundu dogo lilibuniwa kwa ajili ya mtoto wa mbali, lakini mtoto wa mbali ndiye analipata wa mwisho.

Malalamiko yetu ni haya:

Kwanza, tunachelewa kugundua. Kliniki mtoto anapandishwa kwenye mizani, lakini utepe wa kupima mzunguko wa kichwa hautumiki kila mara. Yuko mama kati yetu aliyesifiwa kwamba uzito wa mwanawe unapanda vizuri, kumbe yaliyokuwa yakiongezeka ni maji.

Pili, gharama zinatufilisi. Sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano malipo ya matibabu katika vituo vya umma, lakini nauli, chakula na malazi havina msamaha. Akivuka miaka mitano, kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa tunayoilipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ndiyo maana wenzetu wanauza miti ya mbao ikiwa bado michanga.

Tatu, kinga ya mgongo wazi inakuja imechelewa. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, kabla mama hajajua ana mimba. Vidonge vya foliki asidi tunapewa tukianza kliniki, wakati mgongo ulishajifunga au ulishabaki wazi. Na mahindi tunasaga kwenye mashine za mtaani, ambako unga hauongezwi virutubishi kama wa viwandani. Mkoa wetu unauza viazi, mahindi na parachichi, lakini takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kuwa nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Nne, akina mama wanalaumiwa. Wanaambiwa wamelogwa au wamevunja mwiko, na wapo walioachwa na waume zao.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila zahanati iwe na utepe, na kipimo cha kichwa kiandikwe kwenye kadi kila mtoto anapoletwa kliniki.

2. Vidonge vya foliki asidi wapewe wasichana na wanawake wote wa umri wa kuzaa, na mashine za kusaga zisaidiwe kupata vifaa vya kuchanganyia virutubishi.

3. Wizara ya Afya ipange kambi ya mabingwa wa upasuaji wa ubongo na mgongo Njombe kila mwaka, na iwafundishe madaktari wa Nyanda za Juu Kusini kutumia kamera, ili rufaa iishie Mbeya.

4. Halmashauri itenge fedha za nauli na malazi kwa mtoto aliyepewa rufaa na mlezi wake.

5. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, uhakikishe mtoto mwenye mpira anatibiwa hadi hospitali ya taifa bila kujali umri.

Nasi tunaahidi kupita nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto wanaofichwa na kuwaleta kliniki.

Maandalizi ya bajeti ya halmashauri yanakaribia. Tunaomba tujibiwe kwa maandishi, kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, ni dai lipi limeingizwa na lipi limeachwa, na kwa sababu gani.

Tunaomba kuwasilisha.

Wazazi na Walezi,
Kata ya Kifanya, Njombe