Artemisia: chai haitoshi

Tunataka kusema kidogo juu ya ile artemisia ya Wachina ambayo watu wengi wanaipanda sasa nyuma ya nyumba. Huku internat wenzetu wengine wakisikia homa wanachemsha majani yake, kisha wanasema, "Kwenda dispanseri ni kupoteza franka bure." Sisi hatukubali.

Ni kweli, dawa iko ndani. Wachina wanaiita qinghao. Ge Hong, aliyeishi karibu miaka 1.700 iliyopita, aliandika kwamba mwenye homa aloweke majani katika maji, ayakamue, anywe yale maji. Hakusema kuchemsha! Mama Tu Youyou aliposoma maneno hayo alifikiri: labda moto ndio unaharibu. Mwaka 1971 akaitoa dawa kwa etere, ambayo inachemka karibu na digri 35 tu, na panya wenye malaria wakapona. Kabla ya kuwapa wagonjwa, aliinywa kwanza yeye mwenyewe. Mwaka 2015 akapata zawadi ya Nobel.

Wale wa shimi waandike: C15H22O5. Nguvu yake iko katika atomu mbili za oksijeni zilizoshikana kama daraja. Mdudu wa malaria anakula damu yetu, na damu iko na chuma. Chuma kile kinavunja daraja, na vipande vinamwua mdudu. Mwizi anauawa na kile alichoiba!

Sasa ile chai. Artemisinini inayeyuka kidogo sana katika maji, na majani ya shamba hili na lile hayalingani nguvu. Kopo lako liko na kiasi gani? Tena inatoka katika damu kwa saa chache. Homa inashuka, mtu anarudi kucheza mpira, kumbe wadudu wengine wamebaki, wale wagumu. Ndiyo sababu vidonge vya hospitali vinachanganya dawa hii na ya pili inayokaa siku nyingi, na OMS mwaka 2019 haikukubali chai. Wadudu wagumu walionekana kwanza Kambodia. Sasa wako Rwanda na Uganda, mlangoni petu.

Wengine watasema hayo ni maneno ya wauza vidonge. Lakini mama yule alianzia katika kitabu cha dawa za majani, sawa na za bibi zetu. Tofauti ni kwamba alipima.

Tunaomba wakubwa wa internat: mwenye homa usiku asiachwe na termosi ya chai mpaka asubuhi, apelekwe kupimwa damu. Majani yabaki katika bustani, mwalimu wa shimi atufundishe nayo.