Neno la Mwalimu: Farasi wa telefone na mbuzi wa chama



Likizo hii binti yetu alimaliza mega za juma zima kwa siku mbili. Tulikasirika, tukamnyang'anya telefone. Akaanza kulia: "Mama, farasi wangu ana mimba, kesho anazaa!" Tulicheka, kisha tukakaa kando yake atuonyeshe. Tuliyoyaona yanagusa chama chetu kuliko tulivyodhani.

Mchezo huo unaitwa Equideow. Ulianza Ufaransa mwaka 2005, na kwa Kiingereza unaitwa Howrse. Mchezaji anafuga farasi wake: anamlisha, anamsafisha, anamlaza, anamfundisha, anampeleka kwenye mashindano. Kila siku moja ya kwetu, farasi anaongeza miezi 2. Jike anabeba mimba miezi 11, kama farasi wa kweli. Kila farasi ana vipaji 6: uvumilivu, kasi, utii, galopi, troti na kuruka. Tena anazaliwa na kipimo cha damu yake, yaani mahali anapoweza kufika akilelewa vizuri.

Shida ya binti yetu ilikuwa moja: wajukuu wa farasi wake walikuwa dhaifu kuliko nyanya zao. Tulimwuliza alifanyaje. Mara tu jike alipofikia umri wa kuzaa, alimpandisha kwa dume yeyote wa bei rahisi. Alitaka watoto wengi, tena haraka.

Mchezo hauendi hivyo. Kuna alama inayoitwa BLUP, na mwisho wake ni 100. Ili aifikie, farasi anatakiwa kutimiza miaka 10, kumaliza mafunzo na kushinda mashindano. Baba na mama wakiwa na 100 wote wawili, mtoto anaweza kuwapita. Wakipandishwa wangali chini, mtoto anarudi nyuma. Miaka 10 ya farasi ni siku 60 zetu, kwa yule asiyetumia njia ya mkato. Tena wachezaji wazoefu hawachanganyi ovyo. Wanatafuta dume na jike ambao vipaji vyao vikubwa vinafanana, na wanatazama ukoo kabla ya kupandisha.

Alama hiyo haikubuniwa na wenye mchezo. Ni hesabu ya kweli ya wafugaji. Mtaalamu wa Marekani, Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliitunga katika karne ya 20 kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Wafaransa wanaitumia hata kwa farasi wa mashindano.

Lakini hapa mwalimu anausahihisha mchezo. Katika maisha, mafunzo hayaingii katika damu. Farasi aliyefundishwa kuruka hazai mtoto anayejua kuruka tayari. Hesabu ya kweli inatazama matokeo ya mnyama pamoja na ya ndugu zake, ili kukisia damu yake itatoa nini. Kazi ya mnyama inatuonyesha damu yake, haiibadilishi.

Tulipomweleza hayo, binti akatutazama: "Sasa, Mama, mbona mbuzi wa chama mnauza wale wakubwa?"

Tulinyamaza. Kila majira ya kulipa masomo tunatoa sokoni mbuzi mnene, kwa sababu ndiye mwenye bei. Wanaobaki kuzaa ni wadogo. Na beberu wetu ni yuleyule miaka minne sasa: amepanda mabinti zake, na sasa wajukuu. Mwaka huu vitoto vitatu vilizaliwa vidogo, viwili vikafa. Tulisema ni ugonjwa, tukasema ni majani ya kiangazi. Huenda na hayo yalikuwemo. Lakini tulikuwa tunafanya kosa lilelile la mtoto kwenye telefone, na kwetu mbuzi akifa hakuna kuanza upya.

Tulipeleka neno hilo mkutanoni. Mama mmoja akasimama: "Mtoto wangu afukuzwe masomoni, mimi nikilinda damu ya mbuzi?" Hatukuwa na jibu jepesi. Tuliongea mpaka jua likazama, tukakubaliana hivi:

Majike wanaozaa vizuri na kunyonyesha vizuri hawauzwi, wala mabinti zao wazuri. Wanauzwa madume na wale wadhaifu.

Beberu wetu atabadilishwa na wa chama cha ng'ambo ya kilima, na kila beberu ataondoka kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa.

Jike mchanga anangojewa mpaka mwili wake ukomae. Mimba ya mbuzi ni miezi 5. Tukiharakisha tunapoteza mama na mtoto.

Kuna daftari: jina la mama, beberu, tarehe ya kuzaa, vitoto vingapi, vingapi vimepona. Kumbukumbu ya kichwa inatudanganya.

Na yule mama, sanduku la chama litamkopesha pesa za masomo. Atarudisha dume wake mdogo atakapouzwa. Bila kifungu hicho, vile vingine vyote vingekuwa maneno matupu.

Telefone tulimrudishia binti yetu: nusu saa, kazi za masomo zikiisha. Daftari la mbuzi tumempa yeye aliandike, maana jicho lake limezoea kufuata ukoo.

Neno la mwisho, wamama. Kipimo hiki ni cha wanyama. Mtoto wetu hana BLUP. Tusiseme mbele yake: "Huyu amefuata ukoo wa baba yake, hana kichwa." Darasani tunawaona waliohesabiwa hivyo nyumbani, wanaacha kunyoosha mkono hata wanapojua jibu. Mbuzi tunamchagua. Mtoto tunamlea.

Hadi juma lijalo.