Waraka kwa Washirika: Imani Hailazimishwi

Ndugu zangu wapendwa, wake kwa waume,

Nawaandikia kwa upendo, lakini moyo wangu umeelemewa. Wako miongoni mwetu wanaotaka serikali iwafungie milango watu wanaoabudu tofauti nasi, wakidhani kwamba nchi yenye dhehebu moja ndiyo yenye amani. Nawasihi tutafakari pamoja, kwa maana sisi Wabaptisti tuna asili yetu, na asili hiyo ni kuikataa fikra ya namna hii.

Mwaka 1612 mzee wetu Thomas Helwys alichapisha kitabu akimkumbusha Mfalme James wa Uingereza kwamba naye ni mwanadamu tu, hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Wala hakujitetea yeye na wenzake peke yao. Aliwatetea hata Wayahudi, Waislamu na walioitwa wazushi. Alifungwa katika gereza la Newgate, akafia kifungoni. Baadaye John Bunyan alikaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri nje ya kanisa la dola. Hao ndio waliotuzaa.

Linalonihuzunisha zaidi ni habari ya koloni la Massachusetts, kule Amerika. Wapuritani walioianzisha walivuka bahari wakikimbia shuruti za maaskofu wa Uingereza. Walipokuwa na dola yao wenyewe, wakawashurutisha wengine. Mwaka 1651, mjini Boston, ndugu yetu Obadiah Holmes alichapwa viboko 30, na waliomhukumu walisoma Biblia ileile aliyoisoma yeye. Kuonewa hakukuwafundisha huruma. Tujihadhari, wapendwa, tusije tukawa kama wao.

Sisemi kwamba kila fundisho ni sawa, wala kwamba mhalifu ajifiche nyuma ya madhabahu. Anayeiba au kudhuru watu ahukumiwe kwa wizi wake na kwa madhara yake. Lakini fundisho potofu hujibiwa kwa fundisho lililo sahihi, kwa subira na kwa mwenendo mwema. Askari aweza kumleta mtu ibadani. Hawezi kumfanya aamini.

Kwa hiyo nawaomba: aliyetia sahihi ombi la kuitaka serikali iwafungie milango jirani zetu, aiondoe sahihi yake. Wachungaji, lifundisheni jambo hili kwa vijana. Na uhuru tunaouomba kwa ajili yetu, tuwaombee na wale tusiokubaliana nao.

Neema iwe nanyi nyote.