Ameshapona, Dawa za Nini Tena?

Sikiliza yanayosemwa kijana anaporudi nyumbani kutoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Ameoga, anasalimia watu, anakula na wenzake, hasemi tena na ukuta. Jirani anamtazama na kutoa hukumu: "Huyu ameshapona. Hayo madawa ya nini tena? Yatampumbaza." Shangazi anaitikia. Mchungaji naye anaongeza kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kupungukiwa imani. Vidonge vinafungiwa kabatini, na ukoo mzima unajiona umemtendea wema.

Wema huo ndio unaomrudisha wodini. Kwa mgonjwa wa skizofrenia, utulivu tunaouita kupona mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliowafuatilia wagonjwa wa New York tangu walipougua mara ya kwanza, ulionyesha kuwa kuacha dawa kuliongeza hatari ya ugonjwa kurudi karibu mara 5. Tena haurudi kesho yake, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wiki zinapita, pengine miezi, kijana mzima, jirani anatembea kifua mbele. Kisha usingizi unapaa. Anafunga madirisha mchana kweupe, anakataa chakula akidai kimetiwa kitu. Siku hiyo hakuna anayevikumbuka vile vidonge. Utasikia "kuna mkono wa mtu", au "hospitali imeshindwa". Mwenye presha akiacha dawa akaanguka, nani huenda kumsaka mchawi?

Sisemi dawa hizi ni tamu. Haloperidoli huweza kukakamaza shingo, kutetemesha mikono, kumfanya mtu asiweze kutulia hata kitini. Nyingine hunenepesha. Mgonjwa anayelalamika ana haki yake, na wanaomwita mkaidi wangejaribu kuishi na shingo hiyo siku moja tu. Lakini malalamiko hayo yana pa kupelekwa. Kliniki dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, huongezwa ya kuzuia mtetemeko. Aliyechoshwa na vidonge vya kila siku anaweza kupewa sindano ya flufenazini, inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa. Wapo hata wanaopunguziwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, daktari akiwafuatilia kwa karibu. Hayo ni mazungumzo ya mgonjwa na tabibu wake. Jirani aliyepita kunywa chai hayamhusu.

Na gharama ya ushauri huu wa bure hailipwi na washauri. Ugonjwa ukirudi saa nane usiku, anayekimbia barabarani peku ni mama. Anayeomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaondoka hivyo hivyo kumsindikiza ndugu yake Dodoma, ni dada. Mchungaji amelala, shangazi ana msiba kwingine, na jirani keshaanza kuwaonya watoto wake wasipite karibu na nyumba ile.

Anayetaka kweli kusaidia amuulize mama huyo tarehe ya kliniki ni lini, na kama nauli ipo.